Fundi wa AC Mwezi wa Saba

Kuanzia Desemba hadi Machi joto la Dar es Salaam halimwachi mtu. Kaskazi inavuma, lakini unyevu unabaki kwenye ngozi, na usiku kuta za matofali zinatoa joto lote zililolihifadhi mchana. Miezi hiyo kila fundi wa AC ana kazi, awe hodari, awe mbabaishaji. Simu zinaanza kuita kabla ya saa moja asubuhi, wateja wanabembeleza, bei inapanda, na hata fundi asiyejulikana kwa lolote anatoka nyumba moja anaingia nyingine. Ukitaka kumjua fundi aliyeijenga biashara yake, usimtazame Januari. Mtazame mwezi wa saba, upepo wa kusi umeshika, watu wanajifunika shuka, rimoti imesahaulika kwenye droo, wala hakuna anayemuwaza.

Ninayemsifu hapa ni fundi mmoja wa Kinondoni. Sitamtaja jina, maana makala hii si tangazo lake, na mengi anayoyafanya nimeyaona pia kwa mafundi wengine wa mji huu waliodumu. Alianza kama wengi walivyoanza: kumbebea mkubwa wake ngazi na mipira ya maji, kushikilia mashine ya nje huku mwenzake akikaza bolti, kulipwa nauli na chakula cha mchana. Leo ana vijana wake wawili na zana zake mwenyewe. Hana ofisi, hana fremu barabarani. Biashara yake yote iko kwenye simu, kwenye kaunta buku, na kwenye mamia ya stika zilizobandikwa ndani ya vyumba vya watu.

Tuna misemo miwili inayovutana katika jambo hili. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wenye maduka nao wakasema biashara matangazo. Msemo wa kwanza ni kweli kabisa kwa embe na kwa kitenge, maana mpita njia anaona, ananusa, anapapasa. Huduma haina cha kupapasa. AC iliyosafishwa vizuri sifa yake ni kutulia: haidondoshi maji ukutani, haipigi kelele, chumba kimepoa na mwenye nyumba amelala. Fundi akifanya kazi njema sana, anasahaulika mapema zaidi. Aliyeharibu ndiye anayekumbukwa, anatafutwa na kusemwa hadi kwa majirani. Dobi, fundi bomba, mpuliza dawa ya kunguni, wote wana shida hiyo. Ya fundi wa AC ni kubwa zaidi, kwa sababu mashine inayotumika sana huhitaji kusafishwa kila baada ya miezi mitatu au minne, na kati ya ziara moja na nyingine kuna muda wa kutosha kumsahau kabisa.

Dawa yake ya kwanza ni stika, na inafaa kuitazama kwa karibu.

Si kubwa, inaenea kiganjani. Ni nyeupe yenye maandishi ya buluu: jina lake la kwanza, kazi yake, mtaa wake, namba moja ya simu, na chini mistari miwili mitupu. Anaibandika ubavuni mwa mashine ya ndani, upande uliko kitanda, kamwe si usoni. Ukiibandika usoni, aliniambia, mama mwenye nyumba ataibandua jioni ileile, maana umemharibia ukuta wake. Ubavuni inaachwa. Mtu akilala chali, joto limemzidi, macho yanakwenda yenyewe kwenye mashine isiyopoza, na namba iko palepale. Ya pili anaibandika kwenye kifuniko cha kisanduku cha umeme, kwa sababu AC ikizima ghafla kila mtu hukimbilia swichi kwanza. Ile mistari miwili anaijaza kwa mkono: siku aliyosafisha, na mwezi wa kurudi. Anatumia maka peni, maana wino wa biro hufifia baada ya miezi michache, halafu juu yake anapitisha selotepu ili maji ya siku ya kuosha yasiufute mwandiko. Mchapaji amemshawishi mara nyingi aiboreshe, aweke barafu, aweke rangi za kuwakawaka. Amekataa. Stika ya leo ni ileile aliyoanza nayo, na mteja aliyehama kutoka Sinza kwenda Tabata akiiona kwa jirani anaitambua kabla hajaisoma.

Wauza khanga wamelijua hilo kwa zaidi ya karne. Kaderdina Hajee Essak alifungua biashara yake Mombasa mwaka 1887, na hadi leo khanga za nyumba hiyo zina maandishi yaleyale madogo ukingoni: K.H.E., Mali ya Abdulla. Rangi zimebadilika, majina ya khanga yamebadilika, vizazi vya wanunuzi vimepita, na alama imebaki. Mnunuzi anayezijua khanga huitafuta kabla hajauliza bei.

Lakini stika haifai kitu kama kazi yenyewe haikuonekana. Hapa ndipo ninapomwona fundi huyu kuwa hodari hasa. Anapofika huvua viatu mlangoni bila kuambiwa. Anatandika shuka lake mwenyewe juu ya kitanda cha mteja, ananing'iniza chini ya mashine mfuko mpana wa plastiki wenye mdomo unaoshuka hadi kwenye ndoo, anafungua kava, anachomoa filta, ndipo anawasha pampu ndogo ya presha na kuanza kuosha koili. Maji ya kwanza yanashuka meusi, mazito, na utando wa vumbi na ukungu. Ndoo ikifika nusu anasimamisha pampu na kuita, "Mama, samahani, hebu njoo uone." Hasemi zaidi ya hapo. Mama anaitazama ndoo, anaitazama mashine aliyokuwa akiivuta pumzi yake usiku kucha, anawaita na watoto waje kuona. Kisha fundi anaosha tena hadi maji yatoke meupe, na anamwita mama tena. Kabla ya kuanza alikuwa amepima ubaridi wa hewa inayotoka. Akimaliza anapima tena, na anamwonyesha mteja namba mbili, ya kabla na ya baada. Hakuna kipeperushi duniani kinachosema kama ile ndoo.

Wapo wanaoliona hili kuwa maonyesho. Mimi naliona kuwa heshima. Mteja analipia kitu kilichofanyika nyuma ya kava, juu ya ngazi, asikoweza kufika. Ana haki ya kuonyeshwa.

Akishapangusa sakafu, kazi inayofuata ni simu ya mteja. Simu za watu wa mji huu zimejaa watu wanaotambulika kwa kazi zao: Fundi Bomba, Mama Mboga, Boda Sinza, Dada Nywele. Ndani ya simu moja unaweza kukuta Fundi AC watatu, na siku ya joto kali kazi inakwenda kwa wa kwanza kupokea. Kwa hiyo anaomba namba yake ihifadhiwe yeye akiwa bado hapo, tena kwa jina analolipendekeza mwenyewe: jina lake, halafu AC, halafu Kinondoni. Ana sababu nyingine tena. Ukitumia ile njia ya WhatsApp ya kupeleka ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa mpigo, ujumbe humfikia tu yule aliyeihifadhi namba yako. Asiyeihifadhi hapati kitu, nawe hujui. Orodha moja hubeba watu 256. Yeye ana orodha kadhaa na amezigawa kwa mitaa, Upanga peke yake, Mikocheni peke yake, Mbezi Beach peke yake, kwa sababu akienda Upanga anataka apate kazi tatu nne za hukohuko, badala ya moja Upanga na nyingine Mbezi na siku nzima imeliwa na foleni.

Kila jioni baada ya Magharibi anakaa na kaunta buku. Ukurasa wa mteja una mashine zake, ukubwa wa kila moja, aina ya gesi, kilichofanyika, kilichobaki. Pembeni kuna maneno machache ambayo mtu wa nje angeyapita tu: kuna mtoto mchanga, nenda baada ya saa tisa. Mbwa afungwe kwanza. Mzee hapendi simu, mpigie mwanawe. Mashine ya sebuleni bomba la maji linaziba. Kutoka kwenye maneno hayo ndipo ujumbe wake unapotungwa, na aliniruhusu kuunukuu mmoja:

"Shikamoo mama. Ni fundi wako wa AC wa Kinondoni. Mwezi wa nne nilisafisha ya chumbani na ya sebuleni, na ya sebuleni bomba la maji lilikuwa na tabia ya kuziba. Alhamisi nitakuwa mitaa ya kwenu. Ukipenda nitapita kuliangalia, kuangalia ni bure."

Usome polepole. Mama anaambiwa ni mashine ipi, ina shida gani, siku gani, na anaachiwa nafasi ya kukataa bila kuona haya. Hakuna "ofa ofa", hakuna herufi kubwa zinazopiga kelele, hakuna picha ya mzungu aliyevaa ovaroli. Asipojibu, hatumiwi mwingine hadi mwezi ujao. Siku ya Idi na siku ya Krismasi wateja wote hupata salamu tupu isiyotaja kazi wala bei. Nimeona watu wanavyozijibu salamu zile: kwa dua, kwa picha ya pilau, na mara nyingi kwa maneno kama "tena umenikumbusha, ya chumbani inadondosha maji."

Stetasi nayo ina utaratibu wake. Huwa inafutika baada ya saa 24, kwa hiyo mafundi wengi hubandika kumi kwa siku moja kisha wakapotea wiki mbili. Yeye hubandika moja kila asubuhi, kabla watu hawajatoka majumbani, miaka yote. Leo filta iliyojaa vumbi na karibu yake ileile imeoshwa. Kesho sauti ya feni iliyolegea, na maelezo ya sentensi moja. Keshokutwa mjusi aliyekufa ndani ya mashine ya nje na kuunguza bodi. Kamwe haonyeshi chumba. Pazia la mtu, kitanda cha mtu, picha za harusi ukutani, hivyo havitoki nje. Fundi wa AC anaingia mahali ambapo hata ndugu wa mume haingii, na mteja akiona chumba cha mwenzake kwenye stetasi atajua siku moja chake kitafuata. Naamini uaminifu huo mmoja umemletea kazi nyingi kuliko picha zote.

Sasa nije kwenye gesi, maana hapo ndipo wengi wanapojiharibia. Gesi ya AC haiishi kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Mbabaishaji huijaza, anachukua pesa yake, na baada ya miezi michache anaitwa tena, anajaza tena. Kwa macho ya haraka huyo ndiye mwenye biashara, kwani mteja mmoja anamlipa mara nne kwa kosa lilelile. Fundi wetu hupaka povu la sabuni kwenye maungio na kusubiri lichemke mahali penye tundu, kisha huchomelea, huvuta hewa yote ndani ya mabomba, ndipo hujaza kwa kipimo. Kazi ile hairudi tena. Anachopata badala yake ni mteja anayemwambia dada yake, na dada anayemwambia mwenye nyumba wake, na mwenye nyumba mwenye vyumba vinane vya kupangisha. Matangazo ya mdomo tunayasifu sana kana kwamba yanakuja yenyewe. Hayaji yenyewe. Yanakuja kwa mtu aliyefanya kazi ya kusimuliwa, na aliyehakikisha kuwa anayesimulia ana namba ya kutoa.

Tena anafundisha. Nyumba nyingi za zamani bado zina mashine za R22, gesi inayodhuru tabaka la ozoni. Chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, nchi zinazoendelea zinatakiwa kuacha kuingiza gesi za aina hiyo kufikia 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Wateja wa mashine hizo amewaambia mapema, mmoja mmoja: mashine yako bado nzima, itumie, lakini kompresa ikifa usikubali kununua ya aina hiyo tena. Hauzi chochote siku hiyo. Mtu aliyepewa ushauri unaomwokolea pesa hamtafuti fundi mwingine siku ya kununua mpya.

Chuo cha VETA kinamfundisha kijana kusoma geji, kuchomelea shaba, kupima kapasita. Ni msingi mzuri na wengi wamepona njaa kwa ajili yake. Lakini ufundi huu wa pili, wa kumfanya mtu akukumbuke wakati hana shida, vijana huuchukulia kuwa ni mdomo tu, au bahati, au mambo ya wasanii wa mitandaoni. Wanaweka nguvu zote Desemba, wakati hata asiyejitangaza anapata. Wanachapisha makaratasi na kuyagongomea kwenye nguzo za umeme, kati ya tangazo la mganga na la vyumba vya kupangisha, wanasubiri. Ikifika Juni wanauza geji.

Mwezi wa saba yeye huamka saa ileile. Asubuhi stetasi inawekwa. Kisha anapanda bodaboda na bahasha mkononi, ndani yake barua, leseni na namba yake ya mlipakodi, anakwenda kwenye ofisi, shule na zahanati. Ameuchagua mwezi kwa makusudi, kwa sababu mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1 na watu wa manunuzi ndio kwanza wana bajeti mpya mezani. Mchana anapita kwa wateja wa Masaki na Msasani kuzitazama mashine za nje, maana chumvi ya bahari inakula mapezi ya alumini kimyakimya, na mwenye nyumba hajui mpaka mashine imegoma siku ya joto. Stika zilizofifia anazibadilisha. Walinzi wa mageti anawasalimia kwa majina, kwa kuwa jirani akihamia, wa kwanza kuulizwa "hapa mnamtumia fundi gani?" ni mlinzi. Anayetaka kusafisha mwezi huo anapunguziwa bei, na wapo wanaokubali, kwa hiyo vijana wake hawakai bure wala hawaondoki. Wengi hawakubali. Anaandika "bado" kwenye kaunta buku, anafunga, anaendelea.

Nimemuuliza kama hachoki kugonga milango isiyofunguka. Alisema wale wa "bado" ndio wanaompigia Novemba, kabla vuli halijakata, na hawaulizi bei.

Nimewaona mafundi wenye mikono mizuri kuliko yake wakiacha kazi. Mmoja alikuwa akisikia tatizo la kompresa kwa sikio tu. Siku hizi anaendesha bajaji. Hakukosa ujuzi. Alisubiri aitwe, na mji wenye watu mamilioni hauna kumbukumbu ya kumtafuta mtu aliyejificha. Ndiyo maana sikubali tunapoudharau ufundi wa kujitangaza kana kwamba ni kazi ya asiye na kazi. Ukifanywa hivi, kwa kipimo, kwa ukweli, kila siku na bila makelele, una ugumu wake sawa na kuchomelea bomba la shaba juu ya ngazi.

Kwa hiyo msomaji, kama una fundi wa namna hii, awe wa AC, wa bomba au wa nywele, hifadhi namba yake kwa jina lake. Ukimwelekeza jirani, mwambie amtajie fundi ni nani aliyemwelekeza, naye fundi aandike kwenye kaunta buku lake. Na akikutumia ujumbe mwezi wa saba, mjibu, hata kama jibu lenyewe ni "bado".